Kliniki ilisema ni taifodi: tulivyodai haki ya mpwa wangu hapa Malindi

Watu wa mtaani wakisikia kwamba tuliifuatilia kliniki mpaka ikalipa, swali lao la kwanza huwa tulimjua nani Nairobi. Hatukumjua mtu. Tulikuwa na faili la mgonjwa, jumbe za M-Pesa na wakili aliyetukata kauli mapema kabla hatujaharibu pesa. Naeleza hapa ilivyokwenda, kwa sababu wengi wananipigia simu kuniuliza na nimechoka kurudia.

Mpwa wangu alikuwa na miaka tisa. Ilikuwa kaskazi, jua kali, na mtoto akawa anakunywa maji bila kukoma. Bibi yake akasema ni joto. Kisha akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani kabla hajaanza shule, na mwili ukapungua hadi sketi ya shule ikawa inashikiliwa na pini. Alipoanza kutapika na kulia tumbo, dada yangu alimpakia kwenye tuktuk kutoka Barani akampeleka kliniki moja ya kibinafsi mjini.

Wakampima malaria, hana. Wakampima Widal, kipimo cha damu cha taifodi, wakasema anayo. Akachomwa sindano, akatundikiwa dripu, akarudishwa nyumbani na antibiotiki. Kesho yake alikuwa anahema kwa kasi na kwa kina kama mtu aliyetoka mbio. Wakarudi palepale. Safari hii wakaambiwa ni homa ya mapafu, dawa zikabadilishwa. Usiku ule ukimwita anafungua macho halafu anayafunga, hajibu. Tukamkimbiza hospitali nyingine. Nesi wa mapokezi hakuuliza mengi. Aliinama akanusa pumzi ya mtoto, akamchoma kidole, akagusisha tone la damu kwenye kijiti cha mashine ya sukari. Haikutoa namba. Ilitoa herufi mbili, HI. Mashine kama ile ikiandika hivyo, sukari imepita milimoli 33.3 kwa lita ya damu na yenyewe haiwezi tena kuhesabu. Kwa mtu mwenye dalili kama zake, 11.1 inatosha kusema ni kisukari.

Mtoto alisafirishwa Mombasa na ambulensi, akalazwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Alipona, alhamdulillahi, na leo anajichoma insulini mwenyewe huku akiniringia.

Daktari wa watoto kule ndiye aliyenieleza ni nini kilitokea. Mwili ukikosa insulini hauwezi kutumia sukari iliyo kwenye damu, basi unachoma mafuta, na mafuta yakichomwa hivyo yanaacha asidi. Asidi ndiyo inayoleta kutapika na maumivu ya tumbo. Ndiyo inayomfanya mgonjwa aheme kwa nguvu, na pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ukiangalia juujuu, tumbo ni taifodi na kuhema ni mapafu. Na hiyo Widal, hapa kwetu karibu kila anayeumwa huambiwa anayo: kipimo kinatafuta kingamwili, na mtu aliyewahi kuugua au kuchanjwa zamani anaweza kuonekana nayo bila kuwa mgonjwa wa taifodi leo.

Dada yangu alitaka kwenda kupiga kelele mlangoni pa kliniki. Mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi, kazi yangu ni risiti, nikamwambia: subiri dada, kwanza tupate karatasi. Kliniki ikijua tumekasirika, faili linaweza kupotea.

Niliandika barua fupi, kwa jina la dada kama mzazi, ya kuomba nakala ya faili lote la mtoto: maelezo ya tabibu, majibu ya maabara, dawa alizopewa, na dripu ilikuwa ya nini. Nikataja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayompa mtu haki ya kuona taarifa zake, na mzazi kwa niaba ya mtoto. Kanuni zake za 2021 zinatoa siku 7 na hazimruhusu anayezitunza taarifa kudai malipo. Barua nilikwenda nayo nakala mbili, moja nikagongewa mhuri wa kupokelewa na tarehe. Yule dada wa mapokezi alisita, akasema meneja hayupo. Nikamwambia mimi sihitaji meneja, nahitaji mhuri tu. Akagonga.

Nilipokuwa pale nikapiga picha ubao wa bei ukutani. Malaria, Widal, mkojo, ujauzito, sukari. Bei ya sukari ilikuwa ndogo kuliko zote. Ile picha ilikuja kutufaa kuliko nilivyodhani, kwa sababu baadaye hakuna aliyeweza kusema kwamba hawakuwa na kipimo.

Kisha nikakaa na simu ya dada yangu. Kila malipo aliyoyafanya kliniki yalikuwa kwenye ujumbe wa M-Pesa, na tarehe na saa na dakika. Nikaandika mfuatano mzima kwenye karatasi moja: saa waliyolipa kadi, saa ya maabara, saa ya dawa, kisha saa ya kufika hospitali ya pili kutoka kwenye fomu yao. Ukitegemea kumbukumbu ya mama aliyekesha na mtoto anayetapika, upande wa pili utamchanganya kwa swali moja. Ujumbe wa M-Pesa hauchanganyiki.

Faili lilipokuja, kurasa chache zilizonakiliwa vibaya, nililisoma nikaona mstari ambao ulinifanya niketi. Kwenye historia ya mgonjwa, siku ya kwanza kabisa, kwa mwandiko wa aliyempima, imeandikwa kwamba mtoto anakunywa maji mengi na anakojoa usiku. Dada alimwambia, naye akasikia na kuandika. Halafu chini yake: Widal. Sukari haikuagizwa siku hiyo wala siku ya pili, na dripu ilikuwa ya glukosi, yaani sukari yenyewe.

Wakili tulimpata karibu na mahakama za Malindi, mama mmoja mtulivu. Nilimmwagia yote, akasoma, kisha akasema kitu ambacho sikukipenda: "Kaka, daktari kukosea ugonjwa si kosa la kisheria peke yake." Mahakama, akasema, haiulizi kama jibu lilikuwa sahihi. Inauliza kama mtaalamu wa kiwango chake, mwenye uangalifu wa kawaida, angefanya vile. Kipimo hicho tulikirithi Uingereza, kwenye kesi ya Bolam ya 1957, na majaji wa Kenya wanakitumia mpaka leo. Kwa hiyo kama mtoto angefika na homa tu, bila historia ya maji na mkojo, pengine tusingekuwa na kesi. Nguvu yetu ilikuwa ule mstari.

Swali la pili ndilo linalowaangusha wengi. Uzembe ukishathibitika, bado lazima uonyeshe kwamba madhara yametokana na huo uzembe. Akatusimulia kesi ya London ya walinzi watatu wa usiku waliokunywa chai wakaanza kutapika. Wakaenda hospitali, daktari hakutoka kuwaona, akaagiza kwa simu warudi nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja akafa, kumbe chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mahakama ikasema hospitali ilizembea, na mjane akashindwa, kwa sababu hata angepokelewa palepale dawa isingewahi kumwokoa. Dada yangu alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Sasa sisi?" Wakili akamjibu kwa upole: "Mama, kisukari hamkupewa na kliniki. Insulini ya maisha huwezi kuwadai. Mnachoweza kuwadai ni ile ICU, ambulensi na mateso ambayo mtoto asingeyapata kama angetambuliwa siku ya kwanza." Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipolipwa thamani ya ada yake. Kuna watu wanaingia mahakamani wakidai dunia nzima, wanatoka na gharama za kesi.

Ili kuonyesha hilo tulihitaji daktari aandike kwamba siku ya kwanza mtoto angetibiwa bila kufika ICU. Hii ndiyo sehemu iliyochosha. Kwa mdomo kila daktari anakubali, ukimwomba aandike na kutia sahihi anakumbuka ana safari. Aliyekubali mwishowe ni daktari wa watoto mstaafu. Aliandika ukurasa mmoja na nusu, bila tusi hata moja, na hiyo karatasi ndiyo iliyowafanya wenye kliniki wapige simu.

Kuhusu muda, kaeni macho. Madai ya uzembe yana miaka 3 kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai. Lakini kama aliyekosea ni hospitali ya serikali, ipo sheria nyingine ya mamlaka za umma inayotoa miezi 12, na wakili wetu alisema yeye hajaribu bahati hata kwa hospitali za kaunti, anafungua ndani ya mwaka. Kuhusu pesa, wapo mawakili watakaokwambia usilipe kitu, tutagawana tukishinda. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui mapatano ya namna hiyo. Sisi tulilipa kidogokidogo, kwa risiti. Wala hatukuhitaji kwenda mbali: tangu sheria ya 2015 hakimu mkuu anasikiliza madai hadi shilingi milioni 20, kwa hiyo kesi kama yetu ingefunguliwa papa hapa Malindi.

Kabla ya mahakama tulipeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, maana ndilo linalotoa leseni kwa vituo vya afya. Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hatukulijua: yule tuliyekuwa tukimwita daktari hayumo kwenye rejista ya madaktari. Ni afisa wa kliniki (clinical officer), mtabibu aliyesomea tiba bila kuwa daktari, na hao wana baraza lao chini ya sheria ya 2017. Hakuna ubaya, wengi wao ndio wanaotushikilia huku pwani, na kumwona mtoto ni haki yake. Lakini malalamiko yalibidi yagawanywe: kituo kwa KMPDC, mtu kwa baraza lake. Ukituma yote mahali pamoja, nusu yatarudi. Rejista zinatafutika mtandaoni, andika jina kwanza ndipo uandike barua.

Mabaraza haya yana meno ya nidhamu: onyo, kurudishwa mafunzoni, kusimamisha leseni, kumfuta mtu. Fidia ni kazi ya mahakama, isipokuwa pande mbili zikipatana, na mapatano hayo baraza linaweza kuyapokea na kuyaandika. Sisi tulikwenda njia hiyo. Wenye kliniki walikuja na wakili wao, wakaanza na msimamo kwamba mama hakueleza dalili. Wakili wetu hakubishana. Aliwasogezea nakala ya faili lao wenyewe, kidole kwenye mstari, halafu picha ya ubao wa bei. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa ya hesabu.

Kiasi sikitaji, ni sehemu ya mapatano. Kilifunika bili ya Mombasa iliyobaki baada ya bima, ambulensi, ada ya wakili na kitu juu kwa ajili ya mtoto. Dada yangu aliongeza sharti moja ambalo wakili wao alilipinga kuliko pesa: waandike utaratibu kwamba mtoto yeyote anayetapika, au anayehema kwa shida, au anayekunywa maji kupita kawaida, apimwe sukari hapohapo, na kipimo hicho kisitozwe. Walikubali mwishoni, wakasaini. Nilipita pale juzi kumpeleka jirani, nikaangalia ubao: ule mstari wa sukari sasa una maandishi ya kalamu pembeni, watoto bure.

Malalamiko ya yule afisa mwenyewe bado yako kwenye baraza lake. Kliniki iliomba tuyaondoe kama sehemu ya mapatano. Dada yangu alikataa, na wakili akasema ana haki ya kukataa, kwa hiyo tunasubiri barua ya kuitwa.