Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya maonyesho mawili, nyuma ya jukwaa London

Saa 5 asubuhi. West End, mtaa wa majumba ya maigizo, bado inanuka bia ya jana. Mbele ya jumba letu la maigizo kumejaa nakshi za dhahabu, lakini sisi tunaingilia kichochoroni, kando ya mapipa ya taka. Kazi yangu ni kumvisha mwigizaji. Sibuni mavazi wala sishoni mapya, hiyo kazi ina wenyewe. Mimi namvisha, namvua, nafua, napiga pasi, narekebisha kilichochanika, halafu usiku tunaanza upya. Humu nitamwita Bibie, maana hakuomba kuandikwa.

Bibie ana miaka hamsini na kitu. Alisomea uigizaji miaka mitatu, kisha akazunguka mikoani na vikundi vidogo, leo Shakespeare, kesho vichekesho vya Krismasi. Televisheni ilimpokea akiwa maiti: alilazwa kwenye meza ya chuma, wapelelezi wakabishana juu ya kichwa chake. Baadaye akawa mpenzi wa mshukiwa, kisha mke wa mshukiwa, na miaka ya karibuni ni mama wa mshukiwa. Ukimuuliza habari za kazi yake atakuhesabia hivyo hivyo, huku anacheka.

Saa 6 mchana. Soksi, shimizi na fulana za ndani zimeshakauka. Magauni yenyewe ni ya mtindo wa karne ya 19, mazito, hayafuliwi kila siku. Makwapa tunayapulizia vodka. Inaua harufu, inakauka upesi, haiachi doa. Mama mdogo kule Tanga bado haamini kwamba chupa ile ni ya nguo. Leo kanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, na wewe lini tutakuona kwenye TV?" Namjibu shikamoo, nampa salamu za watu wote, swali nalikwepa.

Saa 7:55 mchana. Kipaza sauti ukutani kinatangaza: "Nusu saa." Onyesho ni saa 8:30, kwa hiyo ukipiga hesabu zimebaki dakika 35. Ndivyo ilivyo katika majumba ya hapa. Kila tangazo limetangulia dakika tano, kwa sababu saa inahesabiwa mpaka wakati waigizaji wa kwanza wanapoitwa mahali pao, si mpaka pazia linapofunguka. Baada ya "nusu saa" asiyekuwemo ndani anatafutwa, na mwigizaji wa akiba anaanza kutoka jasho.

Bibie yupo, wigi limeshabandikwa. Namkaza koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno kwa kamba. Anavuta pumzi kwa mbavu, nasubiri, nakaza tena. Tukifika hapo hatuongei. Kwenye kioo chake kuna picha ya Peggy Ashcroft, mwigizaji wa Kiingereza. Mwaka 1930 huyu alicheza Desdemona, mke wa Othello katika mchezo wa Shakespeare, mkabala na Paul Robeson, mwigizaji mweusi wa Marekani, hapa hapa London, akatumiwa barua za matusi kwa sababu ya kubusiwa jukwaani na mtu mweusi. Alipata Oscar mwaka 1985, akiwa na miaka 77.

Watu husimulia habari kama hizo kusifia subira. Mimi naziona kwa upande mwingine. Mwigizaji Judi Dench alianza na Ophelia wa Hamlet kwenye jumba la Old Vic mwaka 1957, lakini dunia nzima ilimjua 1995, alipokuwa bosi wa James Bond akiwa na miaka 60. Katikati hapo jukwaa lilimtumia mfululizo. Sinema ndiyo iliyochelewa kumwona, na sioni kwa nini yeye ndiye asifiwe kwa kungoja.

Saa 9 na ushei. Badiliko la haraka, sekunde arobaini, gizani pembeni mwa jukwaa. Sketi nimeishaitandaza sakafuni kama duara ili aingize miguu tu. Viatu vimetazama mbele. Tochi ya bluu naiuma kwa meno. Vishikizo vya kifuani ni pambo, kinachofunga kweli ni zipu ya mgongoni. Leo zipu imefika katikati, ikatoa meno. Nachomeka pini tatu kubwa, namgusa bega, anatoka.

Alicheza tukio zima bila kuwageuzia watu mgongo hata mara moja. Kuna mahali anapaswa kwenda dirishani akitazama nje. Alirudi kinyumenyume, macho kwa mume wake wa mchezoni, kana kwamba anamwogopa. Watazamaji wakanyamaza kabisa. Mume naye, ambaye hakujua lolote, aliigiza vizuri kuliko wiki nzima iliyopita.

Mapumziko. Pazia la chuma linashushwa mbele ya watu, maana sheria za moto zinataka waone kila onyesho kwamba linafanya kazi. Bibie anakunywa maji kwa mrija ili rangi ya mdomo isiharibike. Pini nimeziongeza.

Saa 11:30 jioni. Onyesho la kwanza limekwisha, la pili ni saa 1:30 usiku. Wengine wamelala sakafuni. Sisi tuna usaili. Siku hizi waigizaji wa hapa wengi hujirekodi wenyewe kwa simu, wakala akapeleka video kwa wateuzi. Tumetundika shuka la kijivu, simu iko juu ya vitabu. Na safari hii nafasi si ya mama wa mshukiwa. Ni ya inspekta mwenyewe.

Kwa hiyo mshukiwa ni mimi. Nimekaa kando ya simu, gauni mapajani, nafumua zipu mbovu huku nakanusha mauaji kwa sauti ya chini, ili yake ndiyo isikike. Mara ya kwanza alikuwa mkubwa mno. Mchana kutwa amepeleka sauti mpaka viti vya juu kabisa, na sasa kamera iko hatua mbili kutoka puani. "Nyusi," nikamwambia. Akazituliza, sauti ikashuka, lakini sasa akawa anasoma tu. Tukarudia. Katikati ya swali la mwisho mkasi ukaniteleza ukaanguka. Bibie akanigeuzia macho, hakusema neno, akanitazama mpaka nikasahau mstari wangu. Kisha akamalizia swali polepole. Nikasema hiyo imeharibika. Akasema turudie moja safi.

Saa 12:55 jioni "nusu saa" tena, zipu mpya imekaa. Onyesho la pili lilikwenda bila tatizo. Dirishani alikwenda kama kawaida, mgongo kwa watu, na mimi niliona lile la mchana lilikuwa bora.

Saa 5 kasoro usiku. Namvua koseti, alama za kamba zimemkaa ubavuni. Nguo za ndani naziweka kwenye mashine, za juu napulizia. Mlango wa nyuma kuna watu wanangoja saini. Mmoja anamwambia anamfahamu kutoka kwenye TV ila hakumbuki alikuwa nani. "Maiti," anajibu, anasaini, tunaelekea kituo cha basi. Ndani intaneti ilikuwa haishiki, video anaitumia njiani.

"Umepeleka ile safi?" nikamuuliza.

"Nimepeleka ya mkasi."