Kumbukumbu ya mradi: kuvitoa vitabu vya hadithi chini ya meza

Agosti

Orodha imeanza. Nimejitolea tena upande wa stoo kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, katika kibanda kinachouza vitabu vya wachapishaji wadogo kadhaa ambao kila mmoja peke yake hamudu kukodi nafasi. Maonyesho haya huandaliwa na Chama cha Wachapishaji wa Kenya tangu 1998, na wengi wanayajua kwa sura yake ya mbele: ukumbi wa Sarit pale Westlands, mabasi ya shule, sare za kila rangi, walimu wakuu na bahasha zao. Nyuma ya hayo yote kuna katoni. Mradi wangu ni wa katoni.

Shida ninayotaka kuimaliza ni hii. Meza ni finyu, na vitabu vya kiada hupewa nafasi kwanza kwa kuwa ndivyo shule zilivyofuata. Riwaya, diwani na hadithi za watoto za Kiswahili hubaki chini ya meza, na kitambaa kikishaangushwa hazionekani tena. Mteja akiulizia, muuzaji anajua kitabu kipo ila hajui kiko katoni gani. Anainama, anafungua moja, anafungua ya pili. Akiinuka mteja ameshaenda zake. Halafu wiki ikiisha husemwa kwamba watu hawasomi hadithi za Kiswahili. Neno hilo silikubali. Kitabu ambacho hakuna aliyekiona hakijakataliwa na mtu.

Mwanzo wa Septemba

Faili la Excel limekaa sawa. Kila kitabu kina mstari wake: jina, mchapishaji, bei, ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu, yenye tarakimu 13), katoni, idadi. Nimeifanya ISBN kuwa ndiyo kitambulisho kwa sababu majina hufanana, na matoleo mawili ya kitabu kimoja huweza kuwa na bei mbili. Isitoshe, tarakimu zinazofuata 978 hukuambia kitabu kilisajiliwa wapi: 9966 au 9914 ni Kenya, 9976 au 9987 ni Tanzania, 9970 ni Uganda. Nikipanga orodha kwa ISBN, vitabu vya Dar es Salaam vinajikusanya vyenyewe.

Tarakimu ya 13, yaani ya mwisho, ni ya ukaguzi, nayo ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Unazidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa zamu, kisha unajumlisha zote. Jumla isipogawanyika kwa 10 bila baki, kuna mahali pameandikwa vibaya. Nimeiweka fomula hiyo kwenye safu ya mwisho ili mstari wenye kasoro ugeuke mwekundu. Jioni hiyo hiyo imenasa mstari ambao 6 na 9 zilizo jirani zilikuwa zimepishana. Haigundui kila kosa, lakini hili imeligundua.

Bei nimeomba ziletwe zikiwa na VAT ndani. Tangu 2013 vitabu vinatozwa asilimia 16 hapa Kenya, na mzazi hapaswi kusoma bei moja mezani akakutana na nyingine kwenye risiti.

Kuhusu uzito: kitabu cha kurasa 200, saizi ya A5, karatasi ya gramu 80, hufika kama gramu 250 kabla ya jalada. Vikiwa 40, katoni inapita kilo 10. Nimewaandikia wachapishaji wote wasizidishe hapo. Wengi wetu tunaobeba ni wanafunzi, na migongo yao wataihitaji.

Siku ya kupanga

Kazi tangu asubuhi mpaka taa za ukumbi zinazimwa. Kila katoni imebandikwa lebo pande mbili, ubavu mrefu na ubavu mfupi, kwa maana juu hufunikwa na katoni nyingine na lebo ya hapo haina faida. Vijana wapya nimewaonyesha namna ya kukata seloteipu: kisu kikae kimelala, ncha isizame. Ukikisimamisha wima, kitabu cha juu kinachanika jalada, na kilichochanika hakuna mwalimu atakayekinunua.

Nilimwomba dada anayesimamia kibanda anipe ncha moja ya meza, ile inayotazamana na njia ya watu. Alisita. Sehemu ile ina pesa, na yeye ndiye anayewajibika kwa mauzo. Tukakubaliana: nakala moja ya kila hadithi juu ya meza, jalada likitazama watu, akiba chini kwa mpangilio wa lebo, na vitabu vya kiada vibaki na sehemu iliyobaki. Hadithi za watoto nimezishusha kwenye ubao wa chini, kimo cha mtoto wa darasa la tatu.

Siku za shule

Msongamano. Sina muda wa kuandika mengi, ila hili liandikwe. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisimama pale kwenye ncha, akageuza kitabu, akasoma ukurasa mzima amesimama.

“Kijana, nikitaka 30 hivi unavyo?”

“Mwalimu, nipe dakika moja.”

Katoni K7 na K8. Nilizitoa kabla hajamaliza ukurasa wa pili. Alivihesabu mwenyewe, akalipa kwa M-Pesa, akauliza kama mwandishi ana kingine. Anacho, K11.

Wikendi

Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyoanza 1974, hutolewa kila baada ya miaka miwili na ina kitengo cha Kiswahili. Tukishajua majina, watu wataanza kuuliza “kile kilichoshinda”. Safari hii tumejiandaa: kila kitabu kinachoshindania, kikiwa chetu, lebo yake ina alama ya kijani, na katoni hizo ziko mbele kabisa.

Wale wanafunzi wa kujitolea sasa hawaniulizi tena. Wanatazama karatasi niliyobandika nyuma ya meza, wanataja namba, wanachomoa. Mmoja wao ameanza kuwapendekezea wateja riwaya alizozisoma wakati wa chakula cha mchana. Nimemwomba mwakani asimame mbele.

Baada ya kufunga

Hesabu ya kurudisha imeenda vizuri. Kila mchapishaji amepewa karatasi yake: vilivyoletwa, vilivyouzwa, vilivyorudi, sahihi mbili. Hadithi za ubao wa chini ndizo zilizopungua zaidi kwa upande wa Kiswahili, na dada amesema mwenyewe kwamba ncha ya meza ni yetu tena mwakani.

Kinachobaki: kuomba orodha za wachapishaji wa Dar kabla mizigo haijapakiwa kwenye basi, ili lebo zibandikwe huko huko, kutafuta ubao wa pili wa chini, na kuongeza safu ya umri wa msomaji, kwa kuwa ndilo swali wazazi waliloliuliza kuliko mengine yote. Safu hiyo nimeanza kuijaza leo.