Tekken zote kwa mpangilio: nimefika ya 4

Wiki ya kwanza. Nimeamua kucheza Tekken zote, zile gemu za kupigana, kama zilivyofuatana, mpiganaji mmoja tu, King, mwanamieleka mwenye kinyago, na daftari pembeni. Nilidhani kutafuta sidii za zamani ndiyo kutanitoa jasho. Kumbe sidii ya Tekken 5 ya PlayStation 2 (PS2), niliyoipata kwa muuza mitumba pamoja na mashine na pedi mbili (moja kitufe cha mraba kimekufa), imebeba ndani yake Tekken 1, 2 na 3.

Ila si zile tulizozoea. Hizi ni za mashine za kutumbukiza sarafu. Nimefungua Tekken 3 nimtafute Gon, yule dinosa mfupi: hayupo. Dk. Bosconovitch naye hayupo. Wote waliongezwa gemu ilipohamia PlayStation mwaka 1998. Ile ya 1997 haikuwa nao.

Wiki ya pili, Tekken 1. Kampuni ya Namco iliitoa Japani Desemba 1994 chini ya Seiichi Ishii, aliyetoka kampuni ya Sega alikokuwa kwenye Virtua Fighter, gemu nyingine ya kupigana. Wapiganaji wa kuchagua ni 8. Akili yake kubwa iko kwenye vitufe: vinne, mikono miwili na miguu miwili. Street Fighter, gemu ya wapinzani, inakuuliza unapiga kwa nguvu kiasi gani. Hii inakuuliza unapiga na nini. Ndiyo maana hata mgeni akishika pedi kuna kitu anafanya.

Lakini kuicheza leo, mh! King akiruka anaelea kama mfuko wa rambo kwenye upepo. Uwanja nao hauna mwisho. Nimerudi nyuma dakika nzima na picha ya Acropolis haijasogea.

Tekken 2 nimeimaliza kwa siku tatu. Imechangamka zaidi, ila mwendo ni uleule: mbele, nyuma, juu.

Wiki ya tatu hadi ya tano, Tekken 3. Nimekwama hapa kwa raha zangu. Hadithi imeruka takribani miaka 20. King wa kwanza ameuawa na Ogre, adui mkuu wa gemu hii, na kinyago amekivaa kijana aliyelelewa kwenye kituo chake cha yatima. Wameingia wapiganaji wapya: Jin, Hwoarang, Xiaoyu, na Eddy Gordo na kapoeira yake, mapigano ya mateke ya Brazili.

Waliocheza vibandani wanajua kilichofuata. Kwetu sheria ilikuwa moja: anayefungwa anaachia pedi. Ya pili ilikuja baada ya ugomvi: hakuna kuchukua Eddy. Dogo aliyeshika pedi jana anabonyeza vitufe vya miguu hovyo, na wewe uliyekuja na hela yako ya juma zima unanyanyuka.

Sasa, ukubwani, ndiyo nagundua dawa ilikuwemo ndani ya gemu. Tekken 3 ilishusha ile miruko ya kuelea na kumpa kila mpiganaji uwezo wa kukwepa pembeni: gusa juu au chini kidogo, basi. Nimemweka Eddy wa kompyuta mbele yangu jioni tatu mfululizo. Mateke mengine yanafagia na yananipata tu, lakini mengi yanapita hewani, na King anamshika kwa nyuma. Kibanda kizima hakuna aliyejua! Tulisimama kwenye mstari mmoja tukipokea mateke, kisha tukamlaumu Eddy.

Nimepekua daftari na kuona kurasa nyingi zinazungumzia ardhi kuliko mapigo. Nimeacha iwe hivyo.

Wiki ya sita. Tekken 4 (mashine za sarafu 2001, PS2 2002) nimeazima kwa rafiki. Hapa kuna kuta, na sakafu ina miinuko. Nimebanwa pembeni mara nne leo, na King mzito hivi kutoka hapo ni shughuli. Miinuko siipendi: pigo lililoingia jana, leo linapita juu ya kichwa kwa sababu mwenzako kasimama bondeni. Tekken 5 ilisawazisha sakafu, kuta ikaziacha.

Rafiki anataka sidii yake Jumapili. Zimebaki siku tatu na sijamfikia Heihachi, adui wa mwisho.