Pauni 85 kwa Kufyeka Magugu

Barua ilifika siku ya Jumanne, ndani ya ile bahasha ya kahawia ambayo mtu yeyote aliyeishi London zaidi ya mwezi mmoja huwa amekwisha kujifunza kuiogopa, nayo ilinidai pauni 85 kwa kosa la kufyeka nyasi. Niliisoma mara tatu. Ni kweli kwamba Jumamosi ya wiki iliyotangulia, nikitoka zamu ya usiku ya jikoni hotelini, nilikuwa nimefyeka kwa mikono yangu na bila kuombwa na mtu ukanda wa nyasi ulio mbele ya jengo letu, wenye urefu wa hatua kama ishirini, ambao kufikia katikati ya Mei ulikuwa umenifika magotini. Wenye jengo walinieleza, kwa ule upole wa kiofisi unaouma kuliko tusi, kwamba ukanda huo ulipandwa maua ya porini, kwamba uliachwa ukue kwa makusudi, na kwamba gharama ya kupanda mbegu upya ni yangu. Kwa fedha hiyo kuna kijana kwetu Muheza, mkoani Tanga, ambaye angenifyekea shamba la michungwa la marehemu baba hadi mpakani, akapata na chakula cha mchana, na bado chenji ingerudi.

Msomaji wa nyumbani hana haja ya kuelezwa kwa nini nilifyeka. Sisi tulikwenda shuleni na fyekeo kabla hatujajua kuandika majina yetu vizuri; tulifyeka asubuhi kwa sababu ya usafi, tukafyeka mchana kwa sababu ya adhabu, na hadi leo Jumamosi ya mwisho wa mwezi haipiti bila mtu kuulizwa uwanja wake ukoje. Nyasi ndefu mbele ya nyumba ni nyoka, ni mbu, ni bwana afya mlangoni, na ni majirani kuulizana kama wenye nyumba wamehama au wamekufa. Nilikuwa nimeitazama ile aibu ya kijani kwa wiki tatu nikidhani kwamba halmashauri imeishiwa fedha. Fyekeo lenyewe sikuwa nalo, kwa kuwa kutembea nalo katika barabara za jiji hili ni njia fupi ya kulala kituo cha polisi. Nilitumia mkasi mkubwa wa bustani, na mgongo uliniuma siku mbili. Halafu ndiyo nikatozwa.

Aliyepiga simu kunishtaki alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, bibi wa umri wa mama yangu, na ninalijua hilo kwa sababu alikuja mwenyewe kuniambia. Alibisha hodi Alhamisi jioni akiwa na bahasha yenye pauni 40, akasema kwamba alipopiga simu hakujua ni nani aliyefyeka wala kwamba kuna mtu angelipishwa, na kwamba isingekuwa haki mimi kubeba mzigo huo peke yangu. Nimeishi hapa miaka sita na sijawahi kuona Mwingereza akijitaja kwa hiari kuwa ndiye mshtaki. Fedha nilizikataa, kwa sababu mama yangu angesikia kwamba nimechukua fedha ya bibi mzee angenilaani. Bibi akasema basi, kama sitaki fedha, nimfuate Jumapili akanionyeshe nilichokikata.

Sikwenda kwa moyo mweupe. Mtu anayelipa pauni 1,035 kila mwaka kwa jina la ada ya afya ya wahamiaji, mbali na ada ya viza yenyewe, halafu akaambiwa kwamba magugu yana haki ambazo yeye amezivunja, hana hamu ya matembezi. Njiani bibi alinieleza kwamba tangu miaka ya 1930 Uingereza na Wales zimepoteza kiasi cha asilimia 97 ya mbuga zao za maua ya porini, zilizolimwa, zilizotiwa mbolea na zilizojengwa, na kwamba kwa sababu hiyo shirika la Plantlife lilianza mwaka 2019 kuwahimiza watu waziache mashine zao za kukatia nyasi mwezi wote wa Mei. Nilimjibu kwamba kwetu mbuga zipo, na tatizo letu ni kuzizuia zisiingie sebuleni. Alicheka, jambo ambalo lilinipunguzia hasira kidogo.

Alinipeleka makaburini. Tower Hamlets Cemetery Park, mashariki ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1841 na ikaacha kuzika mwaka 1966, na waliolala humo ni zaidi ya laki tatu, wengi wao maskini wa bandarini na viwandani waliozikwa wengi wengi katika shimo moja. Mimi nimelelewa kujua kwamba makaburi hufyekwa kabla ya Ramadhani, watu wakaenda kwa pamoja na mapanga na mafyekeo, na kwamba kaburi lililofunikwa na majani ni tangazo kwamba marehemu hakuacha mtu. Huku nikakuta mawe ya makaburi yamemezwa na mitambaazi, maua meupe kama ya giligilani iliyoachwa ikakomaa yanafika kifuani, na katikati yake watu wazima wenye akili zao wamepiga magoti, mmoja na kioo cha kukuzia, mwingine na simu iliyo na iNaturalist, programu ya kutambua mimea na wadudu kwa picha, wakihesabu wadudu. Nilisema kimyakimya "salamu juu yenu, enyi watu wa makaburini" kama nilivyofundishwa, kisha nikapiga magoti na mimi.

Ua la kwanza nililoonyeshwa lilikuwa la njano, la kawaida kabisa, linaloota hadi kwenye nyufa za lami, na jani lake lilipokatwa lilitoa utomvu mweupe. Nikasema: huyu ni mchunga. Si mchunga wenyewe, lakini ni wa ukoo mmoja nao, na uchungu wake ni uleule. Bibi hakuamini kwamba kuna watu wanaoupika kwa nazi na kuula na ugali. Kuanzia hapo nilianza kujiona mjuzi, na ujuzi huo ukaniponza, kwa maana nilisogeza kwa mkono mtupu kichaka cha majani yenye kuwasha kama upupu, na vidole vikavimba hadi Jumatatu. Hata mmea huo nao una watetezi. Nilifunuliwa chini ya jani moja kundi la viwavi weusi wenye miiba, ambao ukiwaona kwetu ungeita mtu wa dawa, nikaambiwa kwamba hao ndio wanaogeuka kuwa vipepeo wekundu wenye madoa kama macho ya manyoya ya tausi, na kwamba karibu chakula chao chote ni jani hilihili lililonichoma. Kando ya ukuta palikuwa na mmea mwingine, bado haujachanua, ambao wazee wa mashariki ya London waliuona ukijaa kwenye vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu mwaka 1940 na 1941, kwa sababu mbegu zake hupeperushwa na upepo na hupenda ardhi iliyoungua. Julai nilirudi peke yangu kuuona ukichanua rangi ya waridi. Sikumwambia mtu hotelini kwamba siku yangu ya mapumziko niliitumia kutazama gugu.

Kwa wanaojiandaa kuja, niseme jambo hapa kabla sijasahau. Mtaona kando ya njia mimea inayofanana na mnavu kabisa, na mwishoni mwa kiangazi itakuwa na vile vitunda vyeusi mnavyovijua. Msichume kwa macho ya nyumbani, kwa kuwa jamaa zake wengine wa huku ni sumu ya kuua, na hospitali hawataelewa neno "mboga". Kung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya mwaka 1981, na sheria hiyohiyo inalinda kiota cha ndege kinachotumika, hata kama kimejengwa juu ya dirisha lako na kinakuchafulia nguo ulizoanika. Ulizeni kwanza. Kuuliza huku ni bure, na ni miongoni mwa vitu vichache sana vilivyo bure.

Kuhusu ndege, kulikuwa na ubishi. Kwanza walinishangaza kwa kumlilia shomoro, ambaye katika nchi hii yumo katika orodha nyekundu ya ndege waliopungua mno, wakati kwetu shomoro huingia mgahawani na kula wali wa mteja. Halafu mtu mmoja akaonyesha juu, na wote wakanyamaza kwa heshima: ndege weusi wenye mabawa kama mundu, wakipita kwa kasi juu ya paa huku wakipiga kelele nyembamba. Ni teleka, ambao wengi wetu tunawachanganya na mbayuwayu. Waliwaita "teleka wetu", wakaeleza kwa uchungu kwamba tangu mwaka 2021 nao wamo katika orodha nyekundu, pamoja na sababu nyingine kwa kuwa majengo ya zamani yanakarabatiwa na matundu wanamotagia yanazibwa. Hapo sikuweza kuvumilia. Ndege huyu hufika London mwanzoni mwa Mei na kufikia mwanzo wa Agosti wengi wameshaondoka. Muda mwingi uliobaki yuko Afrika, wengi wakiwa juu ya misitu ya Kongo, na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lund walionyesha mwaka 2016 kwamba wapo wanaokaa hewani miezi kumi bila kutua, wakila na kulala hukohuko. Mtu anayekuja kwako miezi mitatu kuzaa tu, kisha anarudi, nyumbani kwake ni wapi? Niliwaambia kwamba utotoni tuliona makundi ya ndege wa namna hii yakitangulia mvua, na kwamba kama ni kugawana, tugawane kwa hesabu ya miezi. Walilichukulia kama utani, na mimi nikaliacha liwe utani.

Bibi ndiye aliyelipiza bila kukusudia. Tuliporudi alinikaribisha chai jikoni kwake, na dirishani palikuwa na chungu kidogo chenye ua la zambarau, majani yake mazito yenye manyoya, ambalo huuzwa katika kila duka kubwa la vyakula hapa kwa bei ya chini ya nauli ya mabasi ya siku moja. Aliposikia natoka Muheza alikigeuza chungu kama anayenitambulisha kwa ndugu. Ua hilo ni la milima ya Usambara. Mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao katika miaka ya 1890, likapewa jina lake, na Wajerumani hadi leo huliita urujuani wa Usambara. Akaniuliza likiwa msituni linaonekanaje. Barabara ya kupanda Amani, hukohuko Usambara, inaanzia mjini kwetu, nimeiona maisha yangu yote ikiingia milimani, na sikuwahi kuipanda. Nilimjibu kwamba ni zuri sana, na chai ikanipalia.

Sasa ninazo darubini za mkono wa pili, ingawa sizitoi kila mahali. Mmarekani mweusi aliyekuwa akitazama ndege Central Park, New York, mwezi wa Mei 2020 aliitiwa polisi na mwanamke aliyekuwa ameombwa tu amfunge mbwa wake kamba, na mimi mwenyewe nimekwisha kuulizwa mara mbili, nikiwa nimeinama kwenye majani, kama kuna kitu nimekificha. Nikiwa na bibi siulizwi.

Zile pauni 85 nilizilipa kwa mafungu matatu. Mwanzoni mwa Septemba ilikuja barua nyingine, bahasha nyeupe safari hii, ikieleza kwamba maua yamekwisha kumwaga mbegu, kwamba ukanda unapaswa sasa kukatwa na majani yote kuondolewa ili udongo usipate rutuba ya kulisha nyasi, na kwamba wanatafuta mkazi wa kujitolea mwenye uzoefu wa kufyeka kwa mkono. Chini yake bibi alikuwa ameandika jina langu kwa kalamu. Walinipa hadi kifaa, mundu mrefu wenye mpini wa mti, na nikaumaliza ukanda wote kabla ya saa nne asubuhi huku watu wanne wenye reki wakinifuata na kunisifu. Jioni nilimpigia mama, nikamwamkia, nikamsimulia kisa chote kuanzia Mei. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hii ya pili, mwanangu, wamekulipa kiasi gani?"