Acheni kuuliza theluji, ulizeni erika

Nimerudi Marangu, chini ya mlima Kilimanjaro, baada ya miaka mingi Ulaya, na kila mtu niliyemwacha kule ananitumia swali lile lile: theluji imebaki? Imebaki, ila vipande. Barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipochorwa kwenye ramani mwaka 1912. Hilo limeshaandikwa mpaka limechosha. Kilichonishtua mimi kiko chini ya barafu, kwenye ule ukanda tuliokuwa tukiupita haraka haraka na kuuita "pale kwenye vichaka", tukiamini mlima wenyewe uko mbele. Sehemu kubwa ya vichaka vile vya erika, miti ya majani madogo magumu, imekwisha, na sijasikia mtu akiililia.

Mnakumbuka palivyokuwa. Kutoka geti la hifadhi, kwenye mita 1,860 hivi, unapanda ndani ya msitu mzito wenye mbega mpaka vibanda vya Mandara, mita 2,720. Juu ya Mandara msitu haukukatika ghafla. Ulikuwa unageuka: miti mikubwa inapungua, erika zinachukua nafasi, nyingine zikifika mita 10, mashina yamepinda, yamevikwa kuvumwani, utando unaoota kwenye magome, na kwenye kila tawi zinaning'inia zile ndevu za kijivu. Ukizidi kupanda erika zinafupika, zinakufikia begani, kisha kiunoni, mpaka vibanda vya Horombo kwenye mita 3,720 ambako senesio na lobelia, mimea mikubwa ya milimani, zinatawala mabonde. Leo ukivuka ukingo wa msitu kuna mahali unatokea moja kwa moja kwenye nyasi za mafungu na vijiti vyeusi. Mgeni anapiga picha, anafurahia upeo mpana. Upeo ule ulikuwa na miti.

Shika tawi moja la erika lililo hai ulitazame kwa karibu. Jani lina urefu wa milimita chache tu, gumu kama sindano, kingo zake zimejikunja kwenda chini, na tawi moja linabeba maelfu yake. Siku ya ukungu kila jani linashika tone. Matone yanaungana, yanashuka kwenye ndevu, ndevu zinajaa, zinadondosha. Hakuna mvua inayonyesha, lakini chini ya mti udongo umelowa chapachapa, na hatua mbili pembeni, penye nyasi tupu, ni pakavu. Tikisa tawi utaloa mkono mzima. Hii ndiyo kazi ya erika: kukamua maji kwenye mawingu ambayo bila mti yangepita zake. Maji hayo yanazama kwenye udongo mweusi unaobonyea mguu ukikanyaga, yanachujwa, yanatoka chini kwenye chemchemi, yanaingia kwenye mifongo yetu, ile mifereji ya asili ya Wachagga, na yanayobaki yanaelekea mto Pangani na bwawa la Nyumba ya Mungu. Barafu ya Kibo haina mchango mkubwa kwenye maji hayo, kwa sababu sehemu yake kubwa inageuka mvuke huko huko juu kabla ya kuwa mto. Kwa hiyo anayelia na theluji peke yake anaomboleza msiba wa jirani huku nyumba yake inaungua.

Na inaungua kweli. Tangu mwaka 1976 zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu wa erika zimeteketea kwenye mlima huu. Oktoba 11, 2020 moto ulianza Whona, pale pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, na maelezo ya kwanza ya hifadhi yalisema ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Hifadhi ikaja kutangaza kwamba kilomita za mraba 95.5 ziliungua, nyasi na vichaka vikiwemo. Oktoba 2022 ukawaka tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga. Oktoba kila mara, na sababu si fumbo. Huo ni mwisho wa kiangazi kirefu, kabla vuli haijashika. Dirisha la pili la hatari ni Januari mpaka mwanzoni mwa Machi. Ongeza kwamba mvua ya mlima imepungua kuliko zamani, na kwamba njia zimejaa watu kuliko zamani, halafu ujiulize nani alishangaa.

Moto wa erika si kama moto wa shambani. Majani yake yana mafuta, kwa hiyo hata mti mbichi unashika ukishakauka siku kadhaa kwa upepo. Zile ndevu zinapandisha moto mpaka kileleni mwa mti. Senesio nayo inatunza majani yake yaliyokufa yakilizunguka shina, ndiyo koti lake dhidi ya baridi ya usiku, na koti hilo likishika moto shina lote linakuwa mwenge. Baya zaidi liko chini: udongo wa kule una mabaki ya mimea yasiyooza vizuri kwa sababu ya baridi, na ukikauka unawaka wenyewe. Watu wanazima juu kwa matawi, wanashangilia, wanashuka. Moto unatembea chini kwa chini kwenye mizizi, kesho mchana upepo ukigeuka unachomoza mita kadhaa kutoka pale. Ndiyo maana kukata nyasi hakutoshi. Lazima uchimbe mfereji mpaka ufikie udongo wa madini, ule usio na mizizi wala nyuzi, na uache watu wa kulinda majivu usiku na mchana. Maji ya kuzimia huko hakuna, na pale mtu anapumua kwa tabu hata akiwa hafanyi kitu.

Kama utapanda, jifunze kusoma makovu. Vijiti vyeusi vinavyochafua mkono ukivishika ni moto wa karibuni. Vijiti vyeupe, vilivyopauka mpaka vinang'aa, ni moto wa zamani. Inama utazame kwenye kitako cha shina. Erika nyingi huchipua upya kutoka kwenye uvimbe wa mizizi ulio ardhini, na ukiona vichipukizi vimeshika, mti bado unapigana. Kinachouua ni moto wa pili na wa tatu kurudi kabla haujarefuka. Hapo msitu wa mita 10 unageuka kichaka cha mita moja na nusu, kichaka kinageuka nyasi, na mwisho wanaingia wale wenye maua makavu kama karatasi, helikrisamu, ambayo hayanyauki hata ukiyaweka mezani mwaka mzima. Wageni wanayapenda mno. Moja ya aina zake ina jina la Charles New, mmisionari aliyefika kwenye theluji mwaka 1871 akitokea huku Uchagani. Maua yenyewe hayana kosa. Ila ukiyaona yametanda mahali palipopaswa kuwa na miti, elewa kwamba unatembea kwenye jivu lililovaa nguo nzuri. Waongoza wageni wengi hawalisemi hili, na siwalaumu, bakshishi hailipwi kwa habari za kilio.

Wanyama wa ukanda huu si wa kuvizia na darubini kama Serengeti, na anayekuja kutafuta simba arudi barabarani. Kuna kunguru wa shingo nyeupe, ambaye atafungua zipu ya begi lako Horombo ukienda chooni. Kuna panya wa mistari minne mgongoni, yuko mpaka kwenye vibanda. Kwenye lobelia utamwona chozi wa milimani, kijani kinachong'aa na mkia mrefu, akinywa kwenye maua. Pofu hupanda mpaka tambarare ya Shira, na kinyesi cha nyati si ajabu hata kwenye mita 3,500.

Lobelia ya kwetu, ile iliyopewa jina la mpelelezi Mjerumani von der Decken, haipatikani penye mlima mwingine wowote. Usiiguse. Katikati ya majani yake kuna maji yenye ute. Usiku majani yanajifunga, juu ya maji panaganda ukoko wa barafu, na chini yake kichipukizi cha katikati hakigandi. Kuna tabia imeingia ya watu kuchovya vidole na kuyamwaga kwa ajili ya video. Ukiyamwaga, mmea unabaki uchi usiku huo.

Upande wa urithi nitasema machache maana yananiudhi. Vibanda vya Mandara na Horombo viliwahi kuitwa kwa majina ya Wajerumani, Bismarck na Peters. Viligeuzwa vikapewa majina ya Mangi Rindi Mandara wa Moshi na Mangi Horombo wa Keni, Rombo, na ilistahili kabisa. Lakini muulize kijana anayepanda Horombo alikuwa nani, atakwambia ni kambi ya siku ya pili. Ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wenyeji wapate kuni na nyasi bila kugusa msitu wa juu, haufanyi tena kazi hiyo, na msitu wote uliingizwa ndani ya hifadhi mwaka 2005. Walina asali wakageuka washitakiwa wa kwanza kila moshi unapoonekana. Ni kweli moshi wa kufukuza nyuki umewahi kuchoma. Ni kweli pia kwamba moto ukiwaka wanaoitwa kupanda na mapanga ni vijana wa vijiji hivyo hivyo waliofukuzwa. Wazee waliosimamia mifongo walijua kila chanzo cha maji kiko wapi na nani zamu yake kusafisha. Sasa mifereji mingi imekauka, na watu wananunua mabomba.

Kwa mnaokuja Desemba: kabla ya kumaliza likizo yote kwenye mbege na nyama choma, tengeni siku moja. Njia nyepesi ni geti la Marangu mpaka Mandara, kilomita 8 hivi, saa tatu kupanda kwa mwendo wa kawaida. Usiishie hapo. Ongeza dakika 15 mpaka ukingo wa kreta ya Maundi, ndipo unapoona msitu ukikutana na erika, zilizo hai na zilizoungua, kwa pamoja. Shuka kabla ya saa tisa alasiri, kwa sababu ukungu ukishuka huoni hatua tano mbele. Muongoza wageni ni lazima, hata kama ulizaliwa mita mia kutoka getini.

Mwenye gari la kuhimili njia mbovu anaweza kupitia geti la Londorossi, upande wa magharibi, mpaka tambarare ya Shira, mita 3,500 na zaidi, bila kutoa jasho. Tahadhari iko hapo hapo: gari linakupandisha haraka kuliko damu inavyoweza kuzoea. Kichwa kikianza kugonga na chakula kikikataa, dawa ni kushuka, si kunywa vidonge vya maumivu na kusubiri. Beba koti la mvua hata jua likiwaka, sweta nzito, na viatu vyenye meno, maana njia ya udongo mweusi ikilowa inateleza kama sabuni. Sigara iache kwenye gari. Jiko la gesi liweke juu ya jiwe au udongo mtupu, kamwe si juu ya nyasi wala juu ya ule udongo laini unaobonyea. Jiko la mkaa na kuni usibebe kabisa, na ukimwona mpagazi amewasha, mwambie azime na amwagie majivu maji mpaka yapoe mkononi.

La mwisho ni la mfuko. Getini wanaangalia kitambulisho, si jina la ukoo. Mwenye kitambulisho cha Taifa analipa bei ya mwananchi. Aliyechukua pasipoti ya huko aliko analipa bei ya mgeni kama Mjerumani, hata kama mfongo unaopita nyuma ya migomba ya mama yake unaanzia juu ya geti hilo. Msibishane na karani, hakutunga yeye. Njooni na kadi ya benki, pesa taslimu hawapokei.