Sufuria Inayolala Juu ya Jiko

Ukiingia katika majiko mengi ya Dar es Salaam kati ya chakula cha mchana na cha usiku, utakuta jiko la gesi limezimwa lakini juu yake hakuna nafasi: upande mmoja kuna chuma cha chapati, upande wa pili sufuria yenye mfuniko, na pembeni pengine birika lenye chai ya asubuhi. Wapo wanaoona hali hiyo ni uchafu, kwa kuwa kwao jiko la mtu nadhifu ni lile lisilo na kitu juu, na wapo wasioiona kabisa kwa sababu ndivyo walivyoikuta kwao. Mimi kabla ya kulaumu huuliza kwanza chombo chenyewe kimetengenezwa kwa nini na ndani yake mna nini, kwa kuwa kuna chombo kinachofaidika kwa kuachwa hapo na kuna kinachoharibika, na kuna chakula ambacho kuachwa hapo ni hatari tupu.

Desturi yenyewe tumeirithi kutoka kwenye jiko la mkaa. Wali ulipokaribia kukauka maji ulipaliwa makaa juu ya mfuniko, na ulipoipuliwa, makaa yaliyosalia yalikusanywa, yakabandikwa sufuria ya maji ya kuoga au mchuzi uliowekewa baba atakayechelewa kurudi. Moto huo ulikuwa umekwisha nguvu za kupikia, lakini chini ya majivu uliweza kukitunza chakula kikiwa cha moto kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo kuiacha sufuria jikoni ilikuwa njia ya kuhifadhi chakula yenye maana yake. Gesi haina majivu wala makaa. Ukiizima, joto linakoma pale pale, na vile vyuma vyembamba vinavyobeba sufuria huwa vimepoa hata kabla watu hawajamaliza kunawa mikono. Tunabadili nishati kwa kasi, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mikono yetu, hata hivyo, bado inaiacha sufuria mahali pale pale kana kwamba chini yake pana makaa.

Hapo ndipo chakula kinapoharibika. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula zilizotolewa mwaka 2001, linaagiza kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, kwamba kinachosubiri kuliwa kiwe na joto la juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kinachohifadhiwa kiwekwe kwenye baridi, ikiwezekana chini ya nyuzi 5. Wali wa saa saba mchana ulioachwa jikoni hadi saa mbili usiku umezipita saa hizo mara kadhaa, tena katika joto la mji huu ambalo vijidudu hulipenda sana. Jibu ambalo wengi wetu hutoa ni kwamba kiporo kitapashwa moto. Tatizo ni kwamba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa na kubaki ndani ya wali ulioiva, huweza kuzaliana wali unapokuwa vuguvugu na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali wa namna hiyo hauhitaji kunuka ndipo umtapishe mtu.

Maharage nayo yana shauri lake. Mama mkubwa wangu wa Tanga, ambaye amepikia mkaa na kuni karibu umri wake wote, hukataa kabisa kuyaunga maharage yote kwa mara moja. Huyachemsha mengi, akatenga ya siku hiyo na kuyatia tui, na yaliyosalia huyahifadhi bila nazi wala nyanya. "Mwanangu, ya nazi hayalali," huniambia, na hataki mjadala. Ninaloongeza kwa upande wangu ni hili tu: sufuria kubwa iliyojaa maharage hupoa polepole mno, na katikati yake hubaki vuguvugu muda mrefu baada ya kingo kupoa, hivyo afadhali kuyamimina katika vyombo vipana visivyo na kina, yapoe upesi, ndipo yaingie kwenye friji. Asiye na friji na apike ya kumalizika.

Tuseme sasa sufuria imekwisha kuoshwa na haina kitu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na madini hayo hayaoti kutu ile nyekundu kwa sababu uso wake hujifunika utando mwembamba unaoikinga. Adui wa utando huo ni chumvi, pamoja na vitu vikali kama ndimu, ukwaju na nyanya, na kwa upande mwingine magadi. Itazame kwa makini sufuria iliyozoea kulazwa na mabaki ya mchuzi wa chumvi: chini utaona vidoa vyeupe kama unga, na ukivikwangua kwa ukucha utahisi vishimo vidogo. Vishimo hivyo ndivyo hatimaye huwapa kazi mafundi wa kuziba sufuria wanaopita mitaani. Hata ikiwa tupu, sufuria iliyooshwa na kurudishwa ikiwa imelowa juu ya vyuma vya jiko hupata alama mahali vyuma vinapoigusa, kwa kuwa alumini na chuma vikikutana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mahali pake ni kichanjani, juani, ikiwa imefudikizwa. Ule weusi unaotokea ndani baada ya kuchemsha maji matupu ni jambo jingine na hauna madhara; chemsha maji yenye maganda ya ndimu na utatoka.

Chuma cha chapati ndicho ninachokitetea kwa moyo wote, na wageni wanaodhani nimesahau kukiondoa wanisamehe. Chuma kikiwekwa kabatini chini ya sufuria nyingine, katika hewa hii ya pwani yenye unyevu na chumvi, huota kutu upesi, hasa ikiwa sufuria iliyolala juu yake haikukauka vizuri. Juu ya jiko hewa hupita chini na juu yake. Baada ya kuchoma chapati nakifuta unga ulioungua kwa kitambaa kikavu. Kikihitaji maji, nakiosha kwa maji ya moto, nakirudisha kwenye moto mdogo, na kutazama vile vitone vya maji vikijikunja na kutoweka kimoja kimoja mpaka uso wote uwe na rangi moja. Kisha napaka mafuta kidogo sana na kuyafuta kana kwamba nilikosea kuyapaka. Mafuta yaliyopashwa hivyo hugandamana na chuma na kuwa ngozi nyeusi inayozuia chapati isishike. Yakiwa mengi hayafanyi ngozi: hunata, hukusanya vumbi, na chapati inayofuata hunuka mafuta yaliyochacha. Usiku nakifudikiza, kwa sababu mijusi na mende hawana heshima.

Kikaango kile cha kisasa chenye utando mweusi usioshika chakula sikiachi hapo. Swichi za jiko hufanana, na mtu mwenye usingizi huwasha upande usio wake. Utando huo, ambao kwa kawaida ni wa Teflon au jamii yake, huanza kuharibika unapopita nyuzi 260 hivi, na kikaango kitupu juu ya gesi hakichelewi kufika huko. Moshi wake huweza kuua ndege wa kufugwa. Karai lenye mafuta yaliyokaangia samaki ni baya zaidi ya vyote, kwa sababu kosa lile lile la swichi hapo huzaa moto, na moto wa mafuta huzimwa kwa kuufunika na kufunga gesi, kamwe si kwa maji.

Birika linaruhusiwa kwangu likiwa na maji matupu. Chai ya maziwa humalizwa au humwagwa, na wanaosema nina ubadhirifu waje wainywe saa ile ile. Kwa kuwa maji ya kisima hapa mtaani yana chumvi na huacha ukoko mweupe chini ya birika, ya jana humwagiwa maua kila asubuhi kabla ya kutia mapya. Pleti ya pili haiwekwi kitu chochote, ili anayeamka usiku kumchemshia mtoto maziwa asianze kuhamisha vyombo gizani.