Beki mrefu wa Trenčín na mabinti zangu wa Mafinga

Kamwene ndugu zangu. Leo siandiki matokeo ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wala habari za ligi. Namwandika beki wa hoki ya barafuni, Zdeno Chara, kwa sababu kila nikimfundisha binti mrefu kulinda goli la netiboli hapa Mafinga, jina lake linanitoka mdomoni. Wazazi wameanza kuuliza huyo ni nani.

Alizaliwa mwaka 1977 huko Trenčín, Slovakia ya leo. Baba yake alikuwa mwanamieleka, akafika hadi Olimpiki ya 1976. Kijana akarefuka, akarefuka, mpaka sentimita 206. Ungetegemea makocha wamgombanie. Wapi! Walimwona amezidi urefu, wakasema atakuwa mzito kugeuka, na wapo waliomshauri aende zake kwenye mpira wa kikapu. Akang'ang'ana na barafu. Mwaka 1996, timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, zilipochagua vijana wapya kwa zamu, New York Islanders wakamchukua akiwa namba 56, maana yake vijana 55 walitajwa kabla yake. Mwaka 2001 wakamtoa kwa timu ya Ottawa, yeye na mchezaji mwingine pamoja na zamu yao moja ya kuchagua kijana, ili wampate mshambuliaji Alexei Yashin. Mshambuliaji ndiye aliyeonekana lulu, beki akawa nyongeza kwenye biashara. Walinzi wenzangu mnaielewa hiyo.

Mimi nimecheza ulinzi tangu shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kuniuliza napenda nafasi gani. Nilikuwa mrefu, basi. Mwalimu alininyooshea kidole: "Wewe nenda kasimame golini." Kazi yangu ikawa kunyoosha mikono juu. Miguu hakunifundisha mtu, na wafungaji wafupi wenye mbio walinizunguka wanavyotaka. Miaka yote hiyo nilionekana nina kipaji, kumbe nilikuwa na kimo tu. Nilipoanza kufundisha niliapa hakuna binti atakayepitia hayo mikononi mwangu, nikawa natafuta mtandaoni mabeki warefu wa mchezo wowote ule, nione wanatembeaje. Ndipo nikakutana na Chara.

Uwanja wa hoki una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26. Kila timu ina kipa na wachezaji watano, wawili kati yao mabeki. Wanaingia kwa zamu fupi, mara nyingi haifiki dakika moja, wanatoka kuvuta pumzi, wengine wanaingia. Mshambuliaji anakuja na mbio zake zote na beki anarudi kinyumenyume, uso kwa uso naye, amesimama juu ya chuma chembamba. Akigeuka mapema ameachwa. Akichelewa kugeuka ameachwa pia.

Sasa mtazame Chara, na usikifuate kile kisahani cha mpira mgumu wanachokigombania. Angalia magoti. Yamekunjwa, kiuno kimeshuka, mtu wa mita mbili na zaidi amejishusha chini kabisa. Mkono mmoja umeshika gongo, na ubapa wa gongo umelala juu ya barafu upande uleule ambao mshambuliaji angetaka kupitisha pasi. Kwa kawaida gongo haliruhusiwi kuzidi sentimita 160, ila wachezaji warefu sana kama yeye huweza kuombewa ruhusa ya kufikia 165. Hamrukii mtu. Anarudi nyuma, nafasi kati yao haipungui wala haiongezeki, na polepole anamsogeza pembeni kwenye ukuta. Mshambuliaji anaishiwa njia, anapiga kisahani kwenye kona. Hakuna anayeshangilia, hata mtangazaji anapita haraka. Mimi hapo narudisha video nyuma, naangalia tena.

Wengi wakimtaja wanataja shuti lake la mwaka 2012 kwenye mashindano ya ufundi ya wachezaji nyota, kilomita 175 kwa saa. Ni shuti la kutisha, sibishi. Lakini mimi niulize fainali ya NHL ya 2011, wakati huo akiwa Boston. Vancouver walikuwa na mapacha wa Sweden, Daniel na Henrik Sedin, na Daniel ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa pointi msimu ule. Boston wakawapangia Chara na mwenzake Dennis Seidenberg. Katika mechi zote 7 za fainali hiyo Vancouver walifunga mabao 8 tu. Kipa Tim Thomas alisifiwa sana, na alistahili, lakini kipa hulala vizuri mbele yake wakisimama watu kama wale. Boston wakabeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, baada ya kulisubiri miaka 39, na nahodha aliyelinyanyua wa kwanza ni yuleyule aliyeambiwa akacheze kikapu.

Unahodha huo aliushika kuanzia 2006 hadi 2020, na humo kuna jambo nililoliiga moja kwa moja. Hakutaka mchezaji mpya aitwe kwa jina la kumshusha, wala aonewe kwa sababu ni mgeni. Hapa kwetu mtoto wa kidato cha kwanza ni njuka: abebe mipira, achote maji, afue jezi za dada zake. Kwenye timu yangu nimelikomesha. Mipira inabebwa kwa zamu, nahodha akiwemo.

Kitu kimoja sikiigi. Kwenye fainali ya 2019, mechi ya nne, kisahani kiligonga gongo lake kikampiga usoni, taya likavunjika. Mechi ya tano akaingia, taya limefungwa, uso umekingwa, na uwanja mzima wa Boston ukasimama kumpigia makofi. Walikuja kufungwa mechi ya saba. Namheshimu kwa moyo ule, nililia nikimwona. Lakini binti yangu akiumia anatoka, hata kama ni fainali, na mzazi asiniombe vinginevyo.

Mazoezi yenyewe ninayotumia ni haya. Mlinzi anashika mikono yake nyuma ya mgongo. Mfungaji anazunguka ndani ya duara na mlinzi anamfuata kwa miguu peke yake, hatua fupifupi, magoti yamelegea, visigino visikutane. Mikono anaruhusiwa kuitoa mwishoni kabisa. Sheria inamtaka awe sentimita 90 kutoka mguu wa mfungaji mwenye mpira, na mlinzi aliyezoea kutegemea mikono huegemea mbele, mizani inampotea, filimbi inalia. Uwanja wetu ni wa udongo mwekundu, mvua ikinyesha unateleza kwelikweli, kwa hiyo asiyeshusha kiuno anaanguka mwenyewe. Binti mmoja wa kidato cha pili, mrefu kuliko mimi, alilia wiki za mwanzo akisema miguu inamuuma. Siku hizi wafungaji wanaomba wasipangiwe upande wake.

Chara alicheza mechi 1,680 za msimu wa kawaida wa NHL, nyingi kuliko beki yeyote, na alistaafu mwaka 2022 akiwa na miaka 45. Mwaka uliofuata akakimbia marathoni ya Boston. Mwaka 2025 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa hoki. Na mjue kuwa nchi yetu aliwahi kuikanyaga, akapanda Kilimanjaro.

Walimu wa michezo wa Mufindi, kama mna binti mrefu mmemsimamisha golini kwa sababu hamkujua mumweke wapi, nileteeni. Tunaanza saa kumi jioni, Jumanne na Alhamisi. Aje na sweta, huu mwezi wa saba baridi ya hapa mnaijua. Siku ya kwanza mpira hataugusa.